Picha ya kuchora ya marehemu baba haifanani naye kabisa, lakini mama kasema "huyu ndiye". Wajuzi wa uchoraji njooni

#1 Binti Kayenze
Wanzengo mwangaluka. Naomba mawazo yenu maana nyumbani tumegawanyika.

Mzee wetu alifariki mwaka juzi, alikuwa fundi mitumbwi huku Kayenze, Mwanza, wengi wa upande huu mmeshapanda kazi yake bila kujua. Watoto tukachanga tumchoreshe, picha kubwa ya rangi ikae sebuleni. Kaka akapata mchoraji huko mjini, kijana mpole, hakuwahi kumuona mzee hata siku moja. Tukampa picha ya pasipoti, akaigeuzageuza akasema hii hainitoshi, akaomba aje akae na mama. Akaja kweli, akakaa jikoni mchana mzima anamsikiliza mama huku mama anachambua dagaa, hakuchora hata mstari, akaaga akaondoka.

Sasa picha imefika. Jamani. Paji la uso lina kijani, kijani kabisa. Chini ya mashavu kuna zambarau. Jicho la kushoto dogo, la kulia limefunguka, mdomo umeachwa hata haujaisha, shati ni brashi imepita mara tatu basi. Ukiiweka pembeni ya ile pasipoti ni watu wawili tofauti. Shangazi kasema hilo ni zimwi, sio mdogo wake. Kaka anataka hela irudi. Ila mama aliposogezewa alikaa chini palepale, akaishika fremu kwa mikono miwili akasema "huyu ndiye, hivi ndivyo alivyokuwa anakaa jioni mbao ikiwa imemgomea". Na mimi nikiikazia macho naona kabisa mzee anataka kuongea. Ile pasipoti haijawahi kunifanya hivyo.

Swali: inawezekanaje picha isiyofanana imlete mtu kuliko inayofanana? Huyu kijana ni fundi kweli au kabahatisha?

#2 Ngosha wa Igoma
Uzi wa picha halafu hauna picha. Dada tuwekee tuione hiyo kijani.

#3 Binti Kayenze
Ngosha, kaka hataki iwekwe mitandaoni mpaka familia ikubaliane, nivumilie.

#4 Penseli HB
Poleni kwa msiba. Mimi nachora watu kwa penseli, napiga gridi, ile mistari ya viboksi, napima umbali wa jicho na jicho, pua mpaka mdomo, mpaka mvi nazichora mojamoja. Nikimaliza mteja anaiweka pembeni ya simu yake anashindwa kutofautisha. Nasema bila kuficha, kazi ya kwanza ya potreti, yaani picha ya sura ya mtu, ni kufanana. Ukishafanana ndio uanze habari za hisia. Siku hizi mtu akishindwa pua anakwambia nimechora roho. Macho hayalingani, mdomo haujaisha, rangi ya ngozi imekosewa, halafu tuite sanaa? Kaka yako yuko sahihi, hela irudi.

#5 Fundi Rangi
Penseli HB nakuheshimu, kazi zako nimeziona, mkono unao. Lakini kwenye rangi ya ngozi hapana, hapo ngoja niongee kwa urefu kidogo.

Wachoraji wengi wakipewa mtu mweusi wanaanza na kahawia, kivulini wanaongeza nyeusi ya chupa. Uso unakufa hapohapo, unakuwa bapa, kwa sababu ile nyeusi inazima kila rangi iliyo jirani yake. Ngozi yetu inang'aa, inashika rangi ya kila kilichoizunguka. Nenda Mwaloni Kirumba, pale soko la samaki ziwani, jua likikaribia kuzama umtazame mtu aliyekaa amegeukia maji. Paji la uso linapokea mwanga wa juu, ule wa mbingu, linakuwa na ubluu na kijani fulani. Shavu la upande wa jua lina chungwa. Chini ya kidevu kuna zambarau na wekundu unaorudi kutoka kwenye shati lake mwenyewe. Haya yote yapo, ila macho yetu yameshazoea kusema "mtu mweusi, kahawia" basi yanapita.

Kivuli cha uso mimi nachanganya bluu ya ultramarini na kahawia nzito ya udongo, ile banti amba. Inatoka giza lenye uhai, unaweza ukalivuta kwenye ubaridi au kwenye joto unavyotaka. Na kijani sio kitu kipya. Waitaliano wa miaka ya 1300 walikuwa wanapaka udongo wa kijani kwanza uso mzima, ndio wanaleta waridi juu, kijani kinafanya wekundu wa damu usimame. Kuna picha zao leo hii waridi limefifia watakatifu wamebaki kijani.

Kwaiyo kijani peke yake sio kosa. Swali ni kakiweka wapi na kimefanya nini. Binti, hicho kijani kipo paji lote au kimekaa upande mmoja?

#6 Binti Kayenze
Fundi asante. Kipo juu ya jicho lile dogo, kinashuka mpaka kwenye panja karibu na sikio. Upande wa pili ni kahawia yenye chungwa.

#7 Fundi Rangi
Basi huyo kijana anajua mwanga. Kamweka mzee jioni, jua liko upande wa pili. Na mama kasema jioni. Mnaona?

#8 Penseli HB
Naona mtu mmoja kasema jioni na mwingine kasema kijani. Bado macho hayalingani.

#9 Mhaya Original
Fundi umeongea vizuri ila hiyo ya kwamba nyeusi inaua sio sheria. Kuna Mmarekani mweusi, Kerry James Marshall, yeye watu wake anawachora weusi tii na anatumia nyeusi za aina 3 tofauti makusudi, anazichanganya na rangi nyingine ziwe za baridi au za joto, na hao watu wako hai balaa. Inategemea mkono.

Halafu mnaongelea hisia hamjamtaja Van Gogh, yule aliyejikata sikio akachora yule mtu anayepiga kelele darajani.

#10 Mwl Mstaafu
Habari zenu vijana. Nimefundisha sanaa za ufundi miaka mingi, chuo nilipitia Butimba, naomba niingie.

Mhaya, la Marshall ni kweli. La darajani sio Van Gogh, ni Edvard Munch wa Norway, 1893. Van Gogh alikuwa ameshafariki 1890. Na hata huyo mtu wa darajani watu wanagombana mpaka leo. Munch mwenyewe aliandika kwamba alikuwa anatembea jioni na rafiki zake, mbingu ikawa nyekundu ya damu, akasikia ukelele mkubwa unapita kwenye maumbile yote. Kwa maneno hayo yule mtu hapigi kelele, ameziba masikio asisikie. Wengine wanasema ile mbingu ni vumbi la volkano ya Krakatoa ya 1883 lililofanya machweo ya Ulaya kuwa mekundu, wengine wanasema ni mawingu ya rangirangi ya baridi za kaskazini, wengine wanasema ni dada yake aliyekuwa anaugua akili. Hakuna aliyeshinda.

Sasa nirudi kwa Binti. Mwaka 1905 na 1906 mchoraji Picasso alikuwa anamchora mwandishi mmoja Mmarekani aliyeishi Paris, Gertrude Stein. Mwanamke anasimulia kwamba alimkalia mara 80 au 90. Mwisho Picasso akasema nikikutazama sikuoni tena, akaufuta uso wote, akaenda zake Hispania kiangazi kizima. Aliporudi akauchora ule uso bila mwenyewe kuwepo, mzito, macho hayako sawa. Watu wakamwambia hafanani. Inasimuliwa kwamba alijibu usijali, atafanana. Ile picha iko New York na leo ukimtaja Stein, uso unaokuja kichwani ni ule.

Kwa maoni yangu kijana wenu alifanya jambo hilohilo alipokataa pasipoti akaenda kukaa jikoni.

#11 Ngosha wa Igoma
Mwalimu shikamoo. Yani mtu anakukalia mara 80 halafu unafuta uso? Mimi kwa kinyozi tu nikikaa nusu saa nalalamika.

#12 Mwl Mstaafu
Marahaba Ngosha. Ndio maana kinyozi hajawahi kukuona vizuri.

#13 Mama Wawili
Jamani mimi sio mchoraji, nimeuguza watu na nimeona misiba mingi. Mnamsifia mchoraji, mnamlaumu mchoraji, mimi namuangalia mama. Mama ana majonzi, mama ameishi na huyo mume maisha yake yote. Picha inayofanana kila kitu imeshajazwa, hana pa kuingia. Hii ambayo mdomo haujaisha, mama ndio anaumalizia. Anaumalizia na mdomo anaoukumbuka yeye. Shangazi anaumalizia na wa kwake anaoukumbuka utotoni, haukai, ndio anasema zimwi. Picha ni moja, kila mtu kaja na baba wake.

Kwaiyo sidhani kama kuna siri kwenye rangi. Siri iko kwa anayetazama.

#14 Penseli HB
Mama Wawili kwa hoja hiyo basi hata ukuta mtupu mama angeumalizia.

#15 Mama Wawili
Ukuta hauna jicho mwanangu.

#16 Dada Nansio
Nimesoma kuanzia juu mpaka hapa nimeshindwa kunyamaza. Baba yangu mdogo alikuwemo kwenye MV Bukoba, ile meli iliyozama ziwani 21 Mei 1996. Picha yake iliyobaki nyumbani ni moja, ya pasipoti, amevaa koti la kuazima pale studio, shingo imekakamaa, kaambiwa asicheke. Hiyo ndio imechorwa mara zote. Imechorwa kwa penseli, imekuzwa, imewekwa kwenye fremu, imewekwa rangi kwa kompyuta. Zote zinafanana na pasipoti barabara.

Tatizo ni hili, mimi nilikuwa namkumbuka. Nilikuwa mdogo ila namkumbuka akicheka, alikuwa mtu wa kucheka mpaka anashika magoti. Miaka imepita nimeitazama ile pasipoti mara nyingi mno mpaka sasa nikifumba macho inakuja pasipoti. Kicheko najua kilikuwepo ila uso wake siuoni. Ile picha inayofanana imekaa juu ya mtu mwenyewe ikamfunika.

Binti, msirudishe. Au hata mkichora nyingine hiyo msiitupe.

#17 Sato Choma
Dada Nansio pole sana aisee. Pale Igoma makaburini walipozikwa kila mwaka tunaenda.

#18 Ngosha wa Igoma
Pole dada. Mimi ni jirani na pale.

#19 Kioo
Dada Nansio uliyoandika hapo ni mazito, na yanaelezeka. Ukiikumbuka sura mara kwa mara kupitia picha, unachokumbuka kinakuwa ile picha.

Naongeza mengine kwa upande wa saikolojia, ndio ninayosoma. Moja, kuna utafiti wa 1977 Marekani, watu walioneshwa picha zao mbili, moja ya kawaida na moja iliyogeuzwa kioo. Wenyewe walipenda ya kioo, marafiki wakapenda ya kawaida. Maana yake uso unaoujua wewe na ninaoujua mimi wa mtu huyohuyo havilingani hata kabla mchoraji hajashika brashi. Ukitaka kuona hilo kwenye uchoraji mwangalie Van Gogh 1889 mwenye bandeji, bandeji iko sikio la kulia, na alilokata ni la kushoto. Alikuwa anajichora kwa kioo.

Pili, mwaka 1973 McManus na Humphrey walichapisha kwenye jarida la Nature, walipitia potreti 1,474 za Ulaya wakakuta kama asilimia 60 zinaonesha zaidi shavu la kushoto, kwa wanawake zaidi ya wanaume. Kuna wanaosema upande wa kushoto wa uso unatoa hisia kwa nguvu kwa sababu unaendeshwa na ubongo wa kulia. Wengine wanasema ni mkono tu, mchoraji wa mkono wa kulia anaona rahisi kuchora uso uliogeukia upande huo. Binti, mzee kageukia wapi?

#20 Binti Kayenze
Asanteni nyote, Dada Nansio umeniliza kazini. Kioo, kageuka kidogo, shavu la kushoto ndio liko mbele, na jicho dogo ndio hilohilo la kushoto. Kushoto kwake mwenyewe.

#21 Sato Choma
Ngoja ngoja ngoja. Mzee alikuwa fundi mitumbwi si ndio?

Mimi nimekulia mwaloni, mafundi nawajua. Fundi akitaka kujua ubao umenyooka anaunyanyua, analeta ncha ya ubao kwenye jicho, jicho moja anafumba, lingine linapita juu ya ukingo mpaka mwisho kule. Akiona pamebenuka anapiga tezo, ananyanyua tena. Hiyo ni kutwa nzima, miaka yote. Mafundi wazee wote niliowahi kuwaona jicho la kufumba limekuwa dogo, lina mikunjo pembeni, hata akikaa anakunywa chai halifunguki lote. Na anayelenga kwa kulia anafumba kushoto.

Binti mwambie kaka yako macho hayalingani kwa sababu mzee alikuwa fundi. Kwenye pasipoti mpiga picha alimwambia fungua macho.

#22 Mhaya Original
SATO. Umeua.

#23 Fundi Rangi
Nimesimama dukani peke yangu nasoma hii.

#24 Binti Kayenze
Sato Choma natetemeka. Ni kweli. Nimekumbuka sasa hivi baada ya kusoma. Alikuwa akikutazama ukiwa mbali anakutazama hivyo, sisi watoto tulikuwa tunadhani anatuonea mashaka. Lakini mchoraji hakumuona! Na mama nimempigia sasa hivi, anasema hakuongelea jicho hata kidogo, waliongelea chakula, mbao, na siku mzee alivyogombana na mteja wa Ukerewe.

#25 Penseli HB
Nimeipenda hadithi ya Sato, sikatai. Ila tuwe wakweli. Kijana hakumuona mzee, hakuambiwa habari za jicho, pasipoti haina. Kwaiyo alichora jicho dogo kwa sababu gani? Kwa sababu upande ule ameuweka kivulini, na kivulini jicho likichorwa kwa brashi pana linapungua. Imeangukia kwenye ukweli. Bahati nzuri, nawapongeza, lakini ni bahati. Angekuwa baba yake mtu mwingine, mwalimu au dereva, jicho lilelile tungeita kosa.

#26 Mama Wawili
Au mama alionesha bila kujua. Mtu akimsimulia mwenzi wake anafanya uso wake. Mimi nikimuigiza marehemu mume wangu wanangu wanasema mama umekuwa baba. Mama Binti alivyosimulia mbao imemgomea, ana uhakika hakufumba jicho? Kijana alikaa mchana mzima hakuchora, alikuwa anatazama nini kama sio uso wa mama? Binti mwambie akusimulie tena ile ya mbao, umuangalie.

#27 Mwl Mstaafu
Hii ya Mama Wawili ndio maelezo bora mpaka sasa. Wanafunzi wangu nilikuwa nawaambia msichore kwanza, kaeni na mtu, muone anavyoshika kikombe.

Ila na mimi nitoe angalizo upande wa pili. Tunapenda kusema kila uso wenye hisia ni roho ya mtu imetoka. Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, alijichora maisha yake yote mpaka 1669 alipofariki, za rangi peke yake ni kama 40, na watu wanazisoma hatua kwa hatua, ujana, kufilisika 1656, uzee. Za uzeeni mimi nikizitazama naamini. Lakini za ujanani, zile ndogo za 1630 alizochora kwenye bamba la shaba, amekodoa macho, amekunja uso, anacheka, pale alikuwa anafanya mazoezi mbele ya kioo. Alitaka kujua hofu inavyokaa usoni ili aitumie kwenye kazi nyingine. Hata Van Gogh mwenyewe aliandika kwamba anajichora kwa kukosa hela ya kuwalipa watu wamkalie. Kwaiyo sio kila uso ni ungamo.

#28 Mhaya Original
Mwalimu hapo kwa Rembrandt sawa, lakini Frida Kahlo je? Yule wa Mexico aliyepata ajali ya basi 1925, sehemu kubwa ya kazi zake kajichora, sijui mia mbili ngapi.

#29 Kioo
Sio mia mbili mkuu, potreti zake mwenyewe ni kama 55. Baada ya ajali alilazwa muda mrefu, wakamfungia kioo juu ya kitanda, akaanza kujichora hapohapo amelala. Ila nakubaliana nawe kwamba yale sio mazoezi ya uso. Ukiangalia, uso wake mara nyingi umetulia tuli, hacheki halii. Maumivu kayaweka mwilini na pembeni, mishipa ya damu, misumari. Hilo linaivunja hoja kwamba hisia lazima zikae machoni.

#30 Ustaadh Kirumba
Assalam alaikum. Nawasoma kwa heshima. Kwetu Waislamu wanazuoni wengi wamekataza kuchora viumbe wenye roho, wapo waliotofautisha kati ya sanamu na picha, kati ya kutukuza na kukumbuka, kila mmoja ana hoja yake. Mimi nyumbani situndiki. Ninachotaka kusema ni kwamba wanaokataza waliona picha ina nguvu, na uzi huu wote unasema hivyohivyo. Binti, baba yako muombee dua, picha haitamuombea.

#31 Binti Kayenze
Waalaikum salaam Ustaadh. Sisi ni Wakatoliki ila nimekuelewa, nashukuru. Jumapili tunamuombea.

#32 Nyegezi Corner
Hizi za kuchora mambo ya ndani ya mtu ni za wazungu bwana. Sisi tuna Tingatinga, twiga, tembo, rangi nzuri, mtalii ananunua, maisha yanaendelea.

#33 Fundi Rangi
Nyegezi, Edward Saidi Tingatinga alianza na rangi za mafuta za dukani juu ya vibao huko Dar, akapigwa risasi na polisi 1972 wakidhani ni mwizi, jina likabaki. Namheshimu kabisa, imetulisha. Lakini usiseme mambo ya ndani ni ya wazungu. Ushawahi kukaa na kinyago cha shetani cha Wamakonde? Mwili umejipinda, jicho moja liko tumboni, mdomo umepasuka mpaka sikioni. Hicho hakijachongwa kwa sababu mtu anafanana hivyo. Hiyo ni hofu imechongwa kwenye mpingo.

#34 Mwl Mstaafu
Na michoro ya Kolo kwenye miamba, watu wale warefu wembamba wenye vichwa vikubwa, maelfu ya miaka, waliochora walijua mtu hayuko hivyo.

#35 Nyegezi Corner
Kolo ya Singida nilipelekwa na shule, ni kweli wale watu ni wa ajabu.

#36 Mwl Mstaafu
Kolo iko Kondoa, mkoa wa Dodoma. UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia 2006. Singida nako ipo michoro lakini sio hiyo.

#37 Wakili Msomi
Nirudi kwenye hela maana kaka hajajibiwa. Mlikubaliana nini? Kama mlimwambia "tuchoree hii pasipoti ifanane" kaka ana hoja. Kama mlimwambia "tuchoree baba" na mkamruhusu akaja nyumbani, hoja ni dhaifu.

Na msidhani nyie wa kwanza. Mwaka 1954 Bunge la Uingereza lilimpa Winston Churchill zawadi ya miaka 80, picha yake iliyochorwa na Graham Sutherland. Sutherland alichora mzee amechoka, mzito, kiti kimemmeza. Churchill aliichukia. Ikapelekwa nyumbani, haikutundikwa, baadae ikachomwa moto kwa amri ya mke wake. Leo watu wanatazama michoro ya majaribio iliyobaki wanasema ilikuwa ni ya kweli mno.

#38 Ngosha wa Igoma
Wakili usimpe shangazi mawazo ya kiberiti.

#39 Dada Nansio
Ona tofauti lakini, Churchill alikuwa hai, alikuwa na haki ya kukataa asionekane mchovu. Mzee wa Binti hayupo, anayemsemea ni nani, mke au dada? Mimi nasema mke.

#40 Sato Choma
Dada yake kamjua toka anatambaa.

#41 Mama Wawili
Wote wawili. Shangazi asibezwe. Anamtafuta mdogo wake aliyekuwa kijana, na kwenye hiyo picha hayumo. Kwake ni msiba wa pili.

#42 Binti Kayenze
Nimerudi. Nimefanya alivyosema Mama Wawili, jana usiku nimemwambia mama nisimulie ile ya mbao. Kasimulia. Anafumba macho YOTE MAWILI. Anasimulia amefumba, mikono ndio inaongea, ananyanyua ubao hewani anauleta usoni.

Halafu kaka akampigia yule kijana, mimi nikaomba simu. Nikamuuliza jicho la kushoto kwanini umelifanya dogo. Akanyamaza kidogo akasema "nililichora kubwa mwanzoni, likawa linanitazama mimi, nikalikwangua kwa kisu, nikalirudia mpaka likaacha kunitazama likatazama kazi". Basi. Nikamwambia habari za mafundi na kulenga, akasema hiyo alikuwa haijui, akashukuru.

#43 Kioo
Mikono! Mama alileta ubao usoni. Mtu akiona mkono umekuja kwenye jicho la kulia mwili wake wenyewe unajua la kushoto linafanya nini.

#44 Penseli HB
Au kisu kimekwangua kikaacha dogo. Kasema mwenyewe hakuwa anajua.

Ila hiyo ya "likatazama kazi" nitakaa nayo. Mimi kwenye gridi sijawahi kujiuliza jicho linatazama nini.

#45 Mhaya Original
Kuna dada wa London mwenye wazazi Waghana, Lynette Yiadom-Boakye, anachora watu ambao hawapo kabisa duniani, anawatoa kichwani, nyingi anamaliza ndani ya siku moja, na ukiwaona unaapa unawajua. Huyo naye hisia ni za nani? Hakuna baba, hakuna pasipoti, hakuna jikoni.

Na kwa sisi wa Bukoba, Michael Armitage wa Nairobi anachora juu ya lubugo, ile nguo ya magome ya mti wanayotengeneza Uganda, ina matobo na mishono, anaiacha ionekane. Bibi zetu walikuwa nayo. Kama kuna mtu anatafuta kitu cha kuchorea sura ya mzee, nguo hiyo ina uzito wake.

#46 Ngosha wa Igoma
Nilijua Mhaya hatamaliza uzi bila kutaja Bukoba.

#47 Mhaya Original
Na nilijichelewesha kidogo.

#48 Penseli HB
Mwalimu na Fundi, kuna kitu nataka kuwaongezea kuhusu yule Munch. Ile ya 1893 kuna sentensi ndogo imeandikwa kwa penseli juu kushoto kwamba imechorwa na mtu mwenye wazimu. Watu walidhani ni mtazamaji kaiharibu. Makumbusho ya taifa ya Norway wakalinganisha mwandiko wakasema 2021 ni wa Munch mwenyewe. Mtu kasikia wanachosema juu yake akakiandika juu ya kazi. Kwa penseli.

#49 Mwl Mstaafu
Vizuri sana kijana.

#50 Binti Kayenze
Maamuzi ya nyumbani kwa sasa: mama kaichukua chumbani kwake, sebuleni imebaki pasipoti, shangazi kaleta picha nyingine ya mzee akiwa kijana sijawahi hata kuiona. Kaka hela hadai tena ila bado hajasema anaipenda. Fundi Rangi, ukuta wa chumba cha mama unapigwa na jua la mchana na mvua ikinyesha una unyevu, itaharibika?

#51 Fundi Rangi
Uliza kwanza ni mafuta au akriliki, ile rangi inayochanganywa na maji. Akriliki ikishakauka haina shida sana, mafuta inachukua muda mrefu kukauka ndani hata kama juu umeigusa imekauka, usiifunge kioo mapema. Jua la moja kwa moja usiruhusu kwa zote mbili, hasa hiyo zambarau, zambarau nyingine zinafifia. Unyevu weka vipande viwili vya mbao nyuma ya fremu isiguse ukuta, hewa ipite. Kama kanvasi yake ni kitambaa cha marekani kilichopakwa emalshoni na gundi, kama tunavyofanya wengi hapa mjini, unyevu utailegeza, utaona inacheza ukiigusa. Niambie nije niikaze, sitachaji.

#52 Penseli HB
Fundi, hiyo bluu ya ultramarini hapa Mwanza unaipata wapi? Stationari nimezunguka naona seti za watoto tu.

#53 Fundi Rangi
Tyubu kubwa naagiza Dar, inakuja na basi. Njoo Jumamosi nikupe robo uijaribu na banti amba, kwenye bodi kwanza. Njoo na mtu wa kumchora, penseli iache nyumbani.

#54 Ngosha wa Igoma
Mtu wa kuchorwa nipo. Nimenyoa jana.

#55 Fundi Rangi
Njoo. Suti usivae.